Kishikio cha Cletus

Siku ile ilianza kama siku yoyote ya kando ya ziwa. Usipa, dagaa wa huku, ulikuwa umetandazwa juu ya chanja, jua limeanza kuuma, na akina mama wa Mbaha wamekaa kwenye kivuli cha boti lililopinduliwa, wanachambua samaki kwa mikono na watu kwa midomo. Aliyekuwa anachambuliwa asubuhi hiyo ni Kiliani, maana alipita mbele yao na injini ya boti ndani ya gunia begani, jasho linamchuruzika, hasalimii mtu.

"Ameitoa," alisema mmoja.

"Ipi?"

"Ya marehemu. Si unaliona gunia lile?"

Halafu wakacheka, kwa sababu Kiliani na injini ya boti wapi na wapi! Kiliani alikuwa Mmatengo. Alishuka kutoka milima ya Mbinga, kwenye kahawa na mashamba ya mashimo ya ngoro, kuja kumuoa mjane wa Kinyasa. Siku ya kwanza kupandishwa kwenye boti alishika kingo zote mbili, macho ameyafumba, mpaka wavuvi wakamwimbia wimbo wa kubembeleza watoto. Lakini mikono alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Kule kwao alikuwa akifufua mashine za kumenyea kahawa ambazo wenzake walishawatupia kuku wazilalie. Na Vitalia mkewe alimpikia, akamfulia, akamheshimu. Kwa mtu mwingine hayo yangetosha.

Kwa Kiliani hayakutosha, kwa sababu Kiliani alikuwa na wivu. Wivu wenyewe si wa mwanamume wa jirani, wala wa mwalimu anayepita pita, wala wa padri kijana. Alikuwa anamwonea wivu mtu aliyekufa.

Na huyo marehemu, jamani, alikuwa mtu wa kuonewa wivu kweli. Cletus, mume wa kwanza wa Vitalia, alikuwa mvuvi mrefu, mashoto, kicheko chake kinafika pwani kabla boti halijafika. Mlango wa nyumba aliutundika Cletus. Chanja alijenga Cletus. Hata jiko la mkaa ambalo Kiliani alikuwa akipikiwa chakula, mguu wake uliovunjika aliuchomelea Cletus. Kiliani alikuwa akilala, akila na kuoga katikati ya mikono ya mwanamume mwingine, na kila aliyemtembelea hakosi kusema, "Hii si ndiyo kazi ya Cletus?"

Cletus alipotelea ziwani. Alitoka mchana kweupe, ziwa limelala, na boti lake likaonekana baadaye upande wa Lipingo likizunguka taratibu peke yake. Injini ilikuwa inanguruma. Mtu hakuwemo. Walitafuta mpaka wakachoka, mwili haukupatikana, basi wakafanya kama inavyofanywa kwa waliochukuliwa na ziwa: ukakatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukalazwa kaburini mahali pa mtu. Na mgomba huzikwa na kitu cha mwisho mkono wa marehemu ulichokishika, ili asirudi kukitafuta. Baba yake mkubwa, Mzee Nicolaus, ndiye aliyesimamia. Akaifungua kamba ya kuwashia injini, akaiona ncha yake imekatwa.

"Kishikio chake kiko wapi?" alimuuliza mjane.

"Kimezama, baba."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaizika kamba bila kishikio.

Ndugu waligawana boti na nyavu. Injini wakamwachia Vitalia, maana hapakuwa na aliyetaka kuigusa, na ikabaki kwa Mzee Nicolaus ndani ya gunia mpaka asubuhi ile Kiliani alipoifuata.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nimekuja kuchukua chuma cha mke wangu."

"Marahaba. Chuma ni chuma, kichukue," mzee alisema. "Ila kamba hakina. Weka kamba yako, kishikio chako. Usitie kitu ambacho mkono wa yule ulikishika. Umenisikia, mwanangu?"

Kiliani aliitikia ndiyo. Moyoni alisema, hata huyu naye ana wivu na mimi.

Mpango wake ulikuwa huu. Angeitengeneza ile injini mwenyewe, bila fundi, aifunge kwenye boti kuukuu alilolipata Ngumbo, apite nayo mbele ya kijiji kizima. Kuanzia siku hiyo mlio wa injini ungekuwa mlio wa Kiliani. Vitalia akiusikia angetoka mlangoni kwa ajili yake. Hakutaka kingine: mke atoke mlangoni kwa ajili yake.

Aliifunga injini kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, akafungua kifuniko chake cha juu. Ndani nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo. Akakwangua. Akafungua plagi, akazikuta nyeusi, zimelowa mafuta mazito kama masizi ya sufuria. Akazisugua kwa msasa, akazikausha juani. Kabureta aliifungulia ndani ya beseni la Vitalia la kuoshea vyombo, na humo petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama utomvu wa mpapai. Akazibua vitundu vyake kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, anapuliza kwa mdomo, anatema, anapuliza tena. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka. Chini kabisa, kile kifeni cha mpira kinachovuta maji ya kuipoza injini kilikuwa kimekakamaa, mabawa yamelala upande mmoja. Wavuvi wanajua, injini nzima lazima ikojoe: kitundu cha pembeni kinatoa uzi wa maji muda wote inapofanya kazi. Isipokojoa, inaungua.

Akapanda gari kwenda Mbinga kutafuta vipuri, na huko, mjini, mbali na ziwa, akadhani atapumua. Wapi! Kijana wa duka la spea, anaitwa Jastin, alipindua kile kifeni mkononi akatabasamu.

"Hii ni ya injini ya Cletus. Aisee, yule jamaa! Akiingia hapa, hata wateja wa duka la jirani wanahamia kwangu kusikiliza vichekesho. Hajambo?"

"Amekufa," Kiliani akasema.

"Lo! Pole sana. Wewe ni ndugu yake?"

Kiliani akalipa, akatoka. Njia nzima ya kuteremka ziwani alikishika kile kifeni kipya mfukoni, anakibinya.

Aliporudi akavifunga vipuri vyote, akachanganya petroli na oili, na kwa kamba akanunua ya nailoni na kuitia kijiti cha mkaratusi kiwe kishikio. Kupima cheche kunataka watu wawili, mmoja avute, mwingine aishikilie plagi kwenye chuma aangalie. Akamwita mkewe. Vitalia alikuja anafuta mikono kwenye kanga, akaishika plagi kwa koleo, mahali penyewe hasa panapotakiwa, hakuelekezwa.

Kiliani akavuta.

"Ipo," alisema Vitalia. "Ya bluu." Na uso wake ukafunguka, ukawa wa msichana. Dakika hiyo tu. Kisha akaukunja tena kama mtu anayekunja nguo ya kanisani.

Kiliani aliuona. Tangu amuoe hakuwahi kuletewa uso ule.

Akarudisha plagi, akabinya kipira cha mafuta mpaka kikawa kigumu, akaivuta choki ya kubana hewa, akavuta kamba. Injini ikakohoa. Akavuta tena. Ikakohoa, ikazima.

"Choki irudishe nusu inapokohoa tu," Vitalia akasema taratibu, "halafu uvute polepole mara moja, ndipo uvute kwa nguvu. Yenyewe inapenda…"

"Inapenda? Nani amekwambia inapenda?"

Jibu alilijua Vitalia, na mumewe akalijua.

"Nenda jikoni," Kiliani alisema.

Alivuta mpaka kiganja kikachubuka. Alibadilisha plagi, akapunguza mafuta, akaongeza, akafanya yote isipokuwa lile aliloambiwa na mkewe. Akina mama pwani walikuwa wanamsikia. Kila kikohozi cha injini kilifuatwa na kicheko chao, na Aidan, mvuvi mmoja mwenye mdomo mchafu, akapaza sauti, "Shemeji, hiyo si kahawa! Usiimenye!"

Jumapili yake Vitalia alikwenda kanisani. Kiliani akabaki, kiganja kinauma, akajilaza kitandani. Joto lilikuwa kali. Akauvuta mto wa mkewe autie chini ya wake, na kichwa kikagonga kitu kigumu.

Akaupapasa ule mto. Ulikuwa wa sufi, mkewe kaushona kwa mkono. Katikati ya sufi palikuwa na kitu. Akautatua kwa kisu.

Kilikuwa kishikio. Kipande cha mninga kilichochongwa vizuri, kimeng'aa kwa kushikwa, na kamba fupi iliyokatwa bado imekaa kwenye tundu lake. Mti ulikuwa umelika mahali pa vidole. Kiliani alikiweka kwenye mkono wake wa kulia, hakikukaa. Mashimo ya vidole yalikuwa yamegeukia upande wa pili.

Vitalia alirudi akamkuta ameketi kitandani, sufi imetapakaa chumba kizima, kishikio mkononi. Alikaa chini sakafuni na gauni lake la kanisani.

"Kila siku," Kiliani alisema. "Kila siku mimi nalala hapa, na wewe umelalia mkono wa marehemu."

"Chukua vyote, Kiliani. Nyumba, injini, mimi mwenyewe nichukue. Hicho niachie."

"Ungeniambia kimezama, kama ulivyowaambia wao."

"Niachie, nakuomba."

Angelia tu, pengine Kiliani angemwonea huruma. Lakini hakulia. Alikuwa anakitazama kile kipande cha mti kwa uso ule ule wa msichana, na Kiliani akauona tena, na safari hii ulimchoma mpaka ndani. Akainuka, akatoka nacho nyuma ya nyumba. Akakitupa kijiti cha mkaratusi. Akapitisha nailoni kwenye tundu la mninga, akapiga fundo la Kimatengo, lile la kufungia magunia ya kahawa, ambalo likishakazwa halifunguki ila kwa kisu.

"Sasa ni changu," alisema kwa sauti, ili asikie aliyemo ndani.

Akavuta kwa mkono wa kulia. Hakuna hata kikohozi. Mti ulimuumiza, vidole vinapanda juu ya kingo badala ya kukaa kwenye mashimo. Akavuta tena. Kimya.

Akahamishia mkono wa kushoto.

Vidole vikakaa. Vilikaa vizuri mno. Na kabla hajavuta, alihisi kamba imelegea, kana kwamba kuna mwenzake upande wa pili anayemsaidia. Akarudisha choki nusu. Hakujua kwa nini. Akavuta polepole mara moja, kisha kwa nguvu.

Injini ikawaka.

Ikanguruma ndani ya pipa, maji yakachemka kwa mapovu, na pale pembeni uzi wa maji ukaruka, mwembamba, safi. Injini inakojoa! Kiliani akacheka peke yake. Akageuka.

Vitalia alikuwa ametoka mlangoni.

Alikuwa amesimama na mkono kifuani, midomo wazi, anasikiliza. Lakini hakumtazama mumewe. Alitazama mahali karibu naye, kidogo kushoto.

Mlio ulikifikia kijiji. Mzee Nicolaus alikuja na fimbo yake, mbio za mzee, anahema. Alipokiona kile kishikio alisimama mbali, akaongea chini chini kana kwamba ndani ya nyumba kuna mgonjwa.

"Kizime."

"Kwa nini, baba mkubwa? Si umeona mwenyewe kinavyokojoa?"

"Kizime, mwanangu. Ukikate hicho, nikipeleke kwa mwenyewe. Kisiingie ziwani. Kikiingia ziwani atajua kiko wapi."

"Mlikipita wenyewe kwenye mgao mkasema ni chuma. Leo kimewaka, mmekipenda?"

Mzee alimtazama Vitalia. Vitalia akainamisha kichwa.

Kiliani hakungoja. Siku ile ile, jua bado liko juu, watu wameshatoka misa, alilisukuma boti majini, akaifunga injini nyuma, akaketi. Mkono wa kushoto, mvuto mmoja. Boti likainua pua.

Lilikuwa jambo la kupendeza, tusiseme uongo. Ziwa lilikuwa kama kioo na Mmatengo anakata maji kama alizaliwa humo. Akapita mbele ya chanja. Akapita mbele ya wanawake wenye nguo zao za Jumapili. Aliusubiri mdomo wa kwanza utamke jina lake.

Bibi mmoja mwenye macho hafifu akasimama, akapunga kitambaa. "Cletus huyoo!" akaita. "Cletus amerudi!"

Wenzake wakamvuta gauni akae. Lakini Kiliani alishasikia.

Akausokota mkono wa usukani, mafuta mpaka mwisho. Aliondoka pale kwa hasira, boti linaelekea kwenye maji mengi, naye anasema peke yake, nitakupeleka mpaka Malawi nikutupe huko. Nitakutupa na mlio wako na mkono wako.

Mbele yake, juu ya maji, palikuwa pamesimama moshi.

Aliyekulia ziwani anaujua moshi ule. Si moto. Ni kungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa mamilioni, wanasimama kama nguzo nyeusi mpaka mawinguni. Wavuvi huwakwepa, maana ukiingia humo unapumua wadudu. Kiliani akausukuma usukani boti ligeuke.

Usukani haukusogea.

Akausukuma kwa mikono miwili. Haukukwama kama chuma kinavyokwama. Ulikuwa umeshikwa. Ulikuwa unampa kidogo, kisha unarudi, kama mkono wa mtu mwenye nguvu anayekutania.

Akabonyeza kitufe cha kuzimia. Injini haikuzima.

Akachomoa mpira wa mafuta. Petroli ikamwagika miguuni. Kabureta ilibaki na mafuta ya kunguruma kidogo tu, alijua, yeye mwenyewe aliisafisha. Akasubiri iishiwe.

Haikuishiwa.

Kungu wakamfunika. Jua likazimika. Wakamwingia puani, machoni, mdomoni, laini kama majivu. Hakuona pua ya boti. Aliona injini tu, na mbele ya injini kile kishikio.

Kilikuwa kinatoka.

Polepole. Kamba inarefuka, kishikio kinakuja kuelekea kifuani kwake, kinarudi. Kinatoka tena. Polepole mara moja.

Kisha kwa nguvu.

Injini ikanyamaza.

Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na wimbi. Kiliani alikaa, mdomo ameufunga, machozi yanamtoka kwa wadudu. Ndipo boti likayumba. Likalala upande wa kushoto, kisha likainuka. Likainuka juu kidogo kuliko lilivyokuwa. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka na wenzake anajua boti linafanya vile wakati gani.

Ni pale mtu anaposhuka.

Kungu walipopungua akatazama kamba. Nailoni ilikuwepo. Fundo lilikuwepo, lile fundo la magunia, limekazwa vile vile alivyolikaza. Ndani ya fundo hapakuwa na kitu.

Alirudi kwa kafi. Mtu wa mlimani kupiga kafi umbali ule, mikono yake ilichanika. Aliliona lile wingu jeusi likitangulia, linaelekea kijijini, linatua juu ya paa za nyumba kabla yeye hajafika nusu. Alipofika pwani hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wamejifungia madirisha, kama wanavyofanya kungu wakiingia. Wengine walikuwa wameanza kufungua na kufagia.

Vitalia alikuwa anafagia mlangoni. Nywele alikuwa amezifumua. Alikuwa anaimba chini chini. Alimwona mumewe anapanda kutoka majini, amelowa, amepakazwa wadudu, na ufagio ukasimama.

"Kiliani?"

"Maji. Nipe maji ya kunywa."

"Kwani umetokea wapi?"

"Nimetokea wapi? Ziwani! Si umeniona nikiondoka?"

"Lakini umesharudi." Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu haisikiki. "Umerudi wakati wa kungu, nyumba giza. Umepita mlango wa nyuma. Nikakupakulia, ukala. Nikakuuliza umekasirika, ukacheka. Nikasema moyoni, leo amecheka vizuri. Ukaniita chumbani. Mbona… mbona umerudi mara mbili?"

Kiliani alimpita. Mezani palikuwa na sahani ya ugali wa muhogo uliomalizwa, na samaki mbasa ameliwa mpaka kichwa. Kikombe kilikuwa kimewekwa upande wa kushoto wa sahani.

Kutoka mezani mpaka chumbani sakafu ilikuwa na maji. Hayakumwagika ovyo. Yalikuwa yamekwenda kwa hatua ndefu, hatua za mtu mrefu.

Kitanda kilikuwa kimelowa. Mto alioutatua kwa kisu ulikuwa umeshonwa. Akauminya kwa vidole. Katikati ya sufi palikuwa na kitu kigumu.

Aligeuka. Vitalia alikuwa amesimama nyuma yake, anautazama ule mto. Alikuwa ameshaelewa, mwanamke yeyote angeelewa. Kiliani alingoja apige kelele. Alingoja azimie, akimbie, amshike mumewe. Angefanya lolote kati ya hayo, Kiliani angemkumbatia na mambo yangekwisha.

Uso wake ulifunguka. Ukawa wa msichana.

Mzee Nicolaus alikuja, akautatua mto, akakizika kishikio penye mgomba na kusema maneno ya kusema. Kaburi lilikuwa limebonyea katikati na udongo wake ulikuwa mbichi, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Kiliani akaivua injini kwenye boti, akayamwaga mafuta yake yote mchangani, akaivua plagi zote, akaifunga ndani ya gunia na kuiegemeza ukutani nyuma ya nyumba. Alitaka kuitupa. Vitalia akasema, "Iache." Tangu siku ile yeye ndiye anayesema na Kiliani ndiye anayetii.

Halafu Vitalia akapata ujauzito. Watu walifurahi, maana kwa Cletus hakuzaa, na kwa Kiliani walikuwa wameanza kumnong'ona. Kiliani alipongezwa kanisani, akapongezwa kwenye pombe, hata Aidan akampa mkono akamwambia, "Shemeji, kumbe hii umeiwasha!" Wote wakacheka. Kiliani akatabasamu kwa meno.

Mtoto ni wa kiume. Amenona, mrefu kwa umri wake, anacheka mpaka majirani wanasikia. Ukimpa kijiko anakipokea kwa kushoto. Kiliani hukihamishia mkono wa kulia, taratibu, bila kugomba. Mtoto humtazama, hukirudisha kushoto, na humcheka. Mama yake akisikia kicheko kile hutoka mlangoni. Popote alipo, hata kama ugali uko motoni, hutoka mlangoni kusikiliza.

Na kila mtoto anapocheka hivyo, Kiliani huinuka na kuzunguka nyuma ya nyumba.

Gunia liko pale pale, limefungwa, limekauka, vumbi juu yake. Injini haina mafuta, haina plagi, haijagusa maji tangu siku ile. Lakini chini yake, kwenye mchanga, usawa wa kile kitundu cha pembeni, kila mara panakuwa na alama ndogo mbichi, ya mduara, kama hapo uzi wa maji umetua sasa hivi.

Kiliani huitazama. Kisha husukumia mchanga mkavu kwa mguu, akaifukia haraka haraka, akasawazisha, kabla Vitalia hajapita akaiona na kutabasamu.